Dawa Mbili za Ganzi na Mgongo wa Bosibori

Ninyi vijana mnaosomea kutibu watu, na hasa ninyi mtakaokaa upande wa kichwa cha mgonjwa pale kwenye meza ya upasuaji, nawaandikia nikiwa na furaha ambayo kustaafu hakujaipoza. Jirani zangu hapa Kiogoro wakiulizwa nilifanya kazi gani, hujibu, "Huyu alikuwa analaza watu." Si uongo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nililaza watu kwa nusukaputi, wanene kwa wembamba, wachungaji kwa walevi, hata mkwe wangu mmoja aliyekataa kunitazama usoni wiki nzima baadaye kwa sababu alihisi nimemwona akikoroma. Lakini kulaza ndiyo sehemu rahisi. Mtu akilala hana neno. Kazi inaanza akiamka.

Nataka kuwaeleza habari za mgongo mmoja uliopasuliwa mara mbili. Mwenye mgongo alikuwa Bosibori, mwuzaji wa ndizi katika soko la Daraja Mbili.

Siku niliyomfuata sokoni, kabla ya upasuaji wa pili, alikuwa amekaa juu ya gunia katikati ya mikungu yake, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama kitu cha kuazima. Siku moja kabla, Daktari Momanyi, mpasuaji wetu wa uti wa mgongo, alikuwa amemwonyesha picha ya mgongo wake. Kile kitu laini kinachokaa kati ya pingili mbili kilikuwa kimetoka mahali pake na kukandamiza mshipa wa fahamu. Mguu ulikuwa umeanza kuburuta. Daktari alimwambia wazi kwamba asipopasuliwa anaweza kufikia siku ambayo hataweza hata kuzuia mkojo. Bosibori alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Hakutia sahihi popote.

"Sista," aliniambia aliponiona, maana wagonjwa wetu humwita sista kila mwanamke aliyevaa nguo za hospitali, "wewe hukuja kununua ndizi."

"Nimekuja kwa sababu ya mguu wako."

"Mguu iko sawa. Inachelewa tu kidogo."

"Unaogopa kisu?"

Alicheka kicheko kifupi. "Kisu nitaogopa ya nini? Ile siku mlinipasua nilikuwa nimelala, kisu hata sikuiona. Mimi naogopa kuamka."

Nilikaa kwenye gunia la pili. Mara ya kwanza alipopasuliwa, mtu aliyekuwa upande wa kichwa chake nilikuwa mimi.

Mara hiyo ya kwanza nilikuwa bado mwanamke kijana, nikijiona mjuzi. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Bosibori akarudishwa wodini na amri iliyoandikwa kwenye faili lake: sindano ya dawa kali kila baada ya saa sita. Basi. Maumivu yakirudi saa ya tatu, mgonjwa alingoja saa ya sita. Ndivyo tulivyofanya kazi, na hakuna aliyeona ajabu. Kesho yake nilipita wodini, nikasimama miguuni pa kitanda, nikamwuliza, "Una maumivu?" Akatikisa kichwa. Nikaandika: hana maumivu. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alikuwa na homa, na kifua kilikuwa kinakoroma, kwa maana tangu alipotoka kupasuliwa hakuwa amethubutu kuvuta pumzi hadi mwisho wala kujigeuza. Alilala kama ubao, ameuma ncha ya leso yake. Alikaa wodini siku nane zaidi ya tulizotarajia.

Aliyenifungua macho ni Mzee Swaleh. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alizaliwa Kisii mjini katika familia ya Waislamu ambayo babu yake alikuja kuuza nguo akabaki, na alikuwa analaza watu kabla mimi sijajua kushika sindano. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, si cha kusomea shuleni kama changu, naye hakuvumilia makosa. Siku moja nilimkimbilia nikasema, "Mzee, mgonjwa wa kitanda cha pili iko na maumivu."

"Mgonjwa ana maumivu," akasema taratibu. "Sahihisha sarufi kwanza, ndipo umpe dawa." Kisha akanitazama, akabadili neno. "La, mpe dawa kwanza. Sarufi haijaua mtu."

Basi siku ile ya tatu Mzee Swaleh alisoma yale niliyoandika kwenye faili la Bosibori, hana maumivu, hana maumivu, akaniuliza, "Huyu mama ulimwuliza au ulimsalimia?"

"Nilimwuliza."

"Ukiwa umesimama wapi?"

"Miguuni."

"Na yeye ni Mgusii kama wewe. Tangu akiwa msichana amefundishwa kwamba uchungu haupigiwi kelele. Umesimama mbali, mbele ya wagonjwa ishirini, unamwuliza kama anaumwa. Ulitaka aseme nini?" Akanishika bega, akanigeuza kuelekea wodini. "Nenda ukae karibu naye. Usimwulize kitu. Mwambie akohoe."

Nilikwenda. Nilimwambia akohoe. Bosibori alinitazama kwa macho yale ambayo hadi leo nayaona, akafungua mdomo, akaufunga. Hakuweza kukohoa. Machozi yalimtoka bila sauti yoyote.

Wanangu, chukueni hilo kabla hamjachukua jingine. Kimya cha mgonjwa aliyelala hudanganya. Mwambie akohoe, ajigeuze, avute pumzi ya kujaza kifua. Mwili utakujibu hata kama mdomo umekataa. Na ukitaka kusikia ukweli, kaa karibu, sema lugha ya nyumbani kwao kama unaijua. Nilijifunza kuuliza "obororo?", yaani uchungu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza siri. Hilo neno la Ekegusii ndilo lililonipa majibu mengi kuliko maswali yote ya Kiswahili na Kiingereza niliyofundishwa chuoni.

Miaka ikapita. Ndipo Mzee Swaleh aliporudi kutoka kwenye mafunzo fulani akiwa amechangamka kama kijana aliyepata jiko. Aliniita kwenye kijichumba chetu cha chai, akaweka chupa mbili za dawa ya ganzi juu ya meza.

"Hii," akasema akigusa ya kwanza, "ni mwanariadha wa mita mia. Unachoma sasa, baada ya dakika chache mahali pamekufa ganzi. Lakini haifiki mbali, inachoka. Na hii ya pili ni mwanariadha wa milima. Inaanza polepole mpaka unadhani imelala, lakini ikishaanza inakwenda saa nyingi. Sasa fikiri. Mgonjwa wa mgongo tumemlaza. Kabla mpasuaji hajakata, tunachoma ya kwanza pale atakapokata. Kabla hajashona, tunachoma ya pili ndani ya misuli, upande huu na upande huu wa uti wa mgongo. Mgonjwa anaamka, na kidonda chenyewe kimelala."

"Kichwa kimeamka, kidonda kimelala," nikasema.

"Umeelewa."

Sijui nitawaelezaje furaha ya siku ile. Nilihisi kama mtu aliyekuwa akipita mbele ya mlango mmoja kila siku kwa miaka mingi, kisha akaambiwa haukuwahi kufungwa. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa dereva wa trekta kutoka Nyamira. Alipoamka aliomba chai. Mtu aliyetoka kupasuliwa mgongo, anaomba chai, tena anataka iwe na sukari ya kutosha. Nilimpa taarifa kila mtu niliyekutana naye kwenye korido, hata mama wa kufagia, ambaye alinijibu kwamba yeye pia angependa chai.

Nilipomweleza Bosibori hayo yote, pale sokoni, alinisikiliza huku akiwauzia wateja. Mwisho akauliza swali ambalo mgonjwa yeyote mwenye akili anapaswa kuuliza.

"Hiyo dawa yenu ishawahi kukataa?"

Ningeweza kusema hapana. Mwanamke aliyekuwa ananunua ndizi alikuwa amenikodolea macho, akingoja nijibu vizuri. Lakini nilimwambia habari za Mwalimu Makori.

Makori alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Mosocho, mwembamba kama mwiko. Alikuwa kama mgonjwa wetu wa sita au wa saba kwa njia ile mpya, na kufikia hapo nilikuwa nimeshalewa furaha. Kila dawa ya ganzi ina kipimo chake ambacho hutakiwi kuvuka, kulingana na uzito wa mtu. Nilichukua ya kwanza, nikaipeleka karibu na ukomo wake. Nikachukua ya pili, nikaifikisha kwenye ukomo wake pia. Kila moja kwa daftari lake, nilijiambia, nayo iko halali.

Mwalimu aliamka vizuri. Hakuwa na maumivu. Baada ya muda akaniita.

"Madam, hapa kuna shule karibu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi hiyo kengele inalia wapi?"

Nilicheka. Vijana, nawaambia kwa aibu, nilicheka. Nilidhani ni usingizi bado umemkaa. Akasema tena kwamba mdomo wake umekuwa mzito, ulimi una ladha ya chuma kama mtu aliyelamba msumari. Nikaanza kuona mkono wake wa kushoto ukicheza wenyewe juu ya shuka. Mzee Swaleh alikuwa upande wa pili wa chumba. Aligeuka kama aliyeitwa jina.

"Hiyo si kengele ya shule," akasema. "Lete oksijeni. Haraka."

Mkono ulipoanza kutupika na mwili kufuata, tayari Mzee alikuwa ameshamwekea oksijeni na kumpa dawa ya kutuliza degedege. Macho yake hayakutoka kwenye mashine inayoonyesha mapigo ya moyo. Mimi nilikuwa nashika taya la Mwalimu lisianguke, huku nikiomba Mungu kwa lugha zote nilizozijua. Ilichukua dakika chache tu. Zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu ya chuo. Kisha mtikisiko ukapungua, akatulia, akavuta pumzi yake mwenyewe. Moyo haukuyumba. Tulikuwa na bahati. Siku hizi kuna dawa ya mafuta meupe kama maziwa inayopitishwa mshipani kumwokoa mtu wa hivyo. Ulizeni iko wapi hospitalini mwenu kabla hamjagusa chupa ya ganzi. Siku ile sisi hatukuwa nayo.

Mzee Swaleh hakunipigia kelele. Alinikalisha, akasema, "Umempikia mtu mmoja sahani mbili za ugali, kila sahani ya kumshibisha mtu mzima, ukamlazimisha amalize zote. Kisha unasema kila sahani ilikuwa kipimo sahihi. Dawa hizi mbili zinakula sahani moja, Teresa. Ukitoa nusu kwa hii, imebaki nusu kwa ile. Haijalishi majina yao."

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu Makori mwenyewe, nikamweleza kwamba kengele aliyoisikia niliipiga mimi. Nilitarajia atanishtaki. Aliomba karatasi na kalamu.

"Andika hesabu yako hapa," akasema. "Dawa ya kwanza ulitumia kiasi gani cha ukomo wake?"

"Karibu yote."

"Andika moja. Na ya pili?"

"Yote."

"Moja nyingine. Jumlisha."

"Mbili."

"Na mtu ana sehemu ngapi?"

"Moja."

"Hata darasa la nne wanaona hiyo kosa, Madam." Alinirudishia karatasi. "Fanya masahihisho. Mara kumi."

Niliyafanya, nimekaa kando ya kitanda chake, mwanamke mzima mwenye watoto. Nusu na nusu. Robo na robo tatu. Theluthi na theluthi mbili. Alisahihisha kwa vema, moja baada ya nyingine, akiwa amelalia ubavu, bila kuugua, maana pamoja na uzembe wangu mgongo wake haukuwa unauma.

Bosibori alinisikiliza mpaka hapo. Alifunga chana mbili za ndizi kwa kamba, akampa yule mwanamke mnunuzi, kisha akaniuliza, "Huyo Makori wa Mosocho ako hai?"

"Yuko hai. Bado anafundisha."

"Na mimi ukinipasua, unaniahidi sitasikia kitu?"

"Hapana. Siwezi kukuahidi hivyo. Nakuahidi mambo mawili. Ukifungua macho nitakuwa hapo. Na hutangoja saa ifike ndipo upewe dawa."

Alirudi kwa wateja wake. Nilirudi hospitalini nikiwa na chana ya ndizi niliyopewa kwa nguvu, bila matumaini mengi.

Baada ya siku mbili alitokea mlangoni mwetu, anaburuta mguu, mkoba begani.

"Nilienda Mosocho," akasema. "Nikauliza mwalimu. Amesema siku hizi unajua hesabu."

Tukaanza na mizani. Wengi wenu mtaona mizani ni kazi ya kupitisha wakati. Bosibori aliniambia, "Andika sabini." Watu wetu hawapendi kuandikwa wepesi. Nilimpandisha. Mizani ikasoma sitini na mbili, naye akiwa amevaa sweta mbili, leso na viatu vya mpira. Nikamvua vyote hivyo, huku akilalamika kwamba namwaibisha, tukapata hamsini na tisa. Kilo kumi na moja, wanangu. Ningemwamini, ningemlisha dawa ya mtu ambaye hayuko pale. Niliketi nikapiga hesabu ya dawa zote mbili kwa pamoja, sehemu moja tu, na nikabakiza kidogo kwenye sahani. Nilimpa muuguzi mwenzangu airudie bila kumwonyesha jibu langu. Majibu yakalingana. Fanyeni hivyo hata mkiwa na miaka thelathini kazini, hasa mkiwa na miaka thelathini kazini.

Asubuhi ya upasuaji nilimlaza, tukamgeuza kifudifudi. Kabla ya kisu nikampa Daktari Momanyi dawa ya kwanza, iliyochanganywa na ile inayobana mishipa ili damu isitoke sana. Alichoma, tukangoja, akakata. Alifanya kazi safi. Huyo daktari mikono yake ilikuwa kama ya fundi wa saa, na tabia yake pia: hakupenda dakika ipotee. Alipomaliza kuutoa ule mgandamizo aliomba uzi.

"Bado, Daktari," nikasema. "Dawa ya pili."

"Madam, kuna wagonjwa wengine wawili wanangoja."

"Nipe dakika nne."

"Dakika nne ni nyingi."

"Mara ya kwanza huyu mama alikaa wodini siku nane za ziada kwa sababu alishindwa kukohoa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hana maumivu."

Daktari Momanyi alinitazama juu ya barakoa yake. "Chukua tano," akasema, na akanyoosha mkono kupokea sindano.

Alichoma polepole, ndani ya misuli, mbali na utando unaofunika mishipa ya fahamu. Kila mara kabla ya kusukuma alivuta kidogo kwanza kuona kama damu inaingia, maana ikiingia uko ndani ya mshipa wa damu, na hapo ndipo kengele hupigwa. Kidogo kidogo, kushoto, kulia. Macho yangu yalikuwa kwenye mapigo ya moyo. Aliyelala hawezi kukuambia kwamba ana ladha ya chuma mdomoni. Mapigo hayakubadilika. Kisha akashona.

Nilikuwa hapo alipoanza kuamka. Niliona kwanza kope zikitetemeka, lakini hakufungua macho.

"Bosibori. Fungua macho."

"Naogopa."

"Basi usifungue. Songesha vidole vya miguu."

Vikacheza, vya kushoto na vya kulia. Hili msilisahau hata siku moja: ganzi ya kidonda haitakiwi kuzima miguu. Ukikuta miguu imekufa baada ya upasuaji wa mgongo, usiseme, "Ni dawa yangu, itaisha." Mwite mpasuaji papo hapo.

"Sasa vuta pumzi," nikamwambia.

Alivuta ndogo, ya juu juu, akasita akingoja uchungu uje. Haukuja. Akavuta nyingine, kubwa kidogo. Akangoja tena. Akavuta ya tatu mpaka mwisho, kama mtu anayenusa nyama inayochomwa kwa jirani, na hapo ndipo alipofungua macho.

"Sista," akasema, "mmenipasua kweli, ama Daktari alikataa?"

"Tumekupasua."

"Wacha uongo."

Nilimshika mkono nikaupeleka hadi pembeni mwa bandeji. Akapapasa, akatulia.

"Kohoa," nikasema.

Akakohoa. Uso ulijikunja kidogo tu. "Iko," akasema akipima. "Lakini ni kama kubeba chana moja. Ile ya kwanza ilikuwa mikungu kumi, na barabara ni ya kupanda."

Nilitoka kwenye korido nikampigia simu Mzee Swaleh, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu. "Mzee, amekohoa," nikasema.

"Nani amekohoa?"

"Bosibori. Yule wa zamani. Amekohoa na anazungumza."

"Alhamdulillahi," akasema. "Na dawa ya pili itaisha saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na vidonge vya maumivu utampa saa ngapi?"

Nilitaka kusema, ikiisha. Nikajishika. "Kabla haijaisha."

"Vizuri. Maana ikiisha kabla hujampa, ataanguka kutoka juu ya ghorofa uliyompandisha wewe. Nenda ukaandike, usiongee na mimi."

Nilirudi nikaandika kwenye faili: vidonge kwa saa zake, hata kama hana maumivu. Nikasimama mbele ya wauguzi wa zamu nikaisoma kwa sauti, nikawaambia kwamba maneno ya mwisho ndiyo muhimu zaidi. Na dawa kali iwepo karibu, apewe akiihitaji, si saa ikifika.

Majuzi nilikwenda kutembelea chumba changu cha zamani. Kijana niliyemfundisha sasa ana mashine ya ultrasaundi. Aliniwekea kiti, akaniambia, "Madam, angalia," na pale kwenye kioo nikaona misuli ya mgongo imepangana kama majani ya kabichi, sindano ikiingia kati ya tabaka na tabaka, dawa ikiinua jani moja kutoka kwenye lingine polepole. Mimi nilifanya kazi hiyo kwa vidole na kubahatisha. Nilisimama kutoka kwenye kiti, nikapiga makofi, wakanikumbusha kwamba mgonjwa amelala. Ningekuwa na umri wenu ningeanza upya kesho.

Lakini nimalizie habari ya Bosibori. Asubuhi iliyofuata alisimama kwa msaada wa mtu wa mazoezi ya viungo, akapiga hatua hadi dirishani na kurudi, mguu ukiinuka vizuri kuliko alivyokuja nao. Baada ya uji nilikwenda kukaa karibu naye, si miguuni. Nilikuwa nimejaa furaha, naona aibu kusema, nilikuwa nangoja kusifiwa.

Alinigeukia. "Sista, hii dawa mlitoa wapi? Ni mpya?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Si mpya," nikasema. "Njia ndiyo mpya."

"Kwa hivyo ile mara ya kwanza ilikuwa wapi?"

"Kwenye kabati."

"Kabati gani?"

"La hapa hapa. Zote mbili zilikuwepo. Tulizitumia kushona watu waliojikata na panga, na kwa akina mama wa kuzaa. Hatukufikiria kuziweka kwenye mgongo wako."

Bosibori aligeuza uso akatazama ukutani. Siku zote zile za leso mdomoni zilikuwa zimekaa kati yetu sasa. Nilisema, "Samahani," kwa Ekegusii, na neno lilisikika dogo.

Kisha akainua kidevu akaelekeza upande wa pili wa wodi.

"Kitanda ile ya tatu," akasema. "Kuna msichana amekatwa mguu jana. Amejifunika blanketi tangu asubuhi, na hiyo blanketi inatetemeka. Sista amepita mara mbili amemwuliza, anasema ako sawa." Akanigeukia. "Hiyo dawa yako inaingia kwa mguu pia?"

"Inaingia."

"Sasa unakaa hapa na mimi ya nini?"

Nikasimama, nikaenda.